Kibanda Kisicho na Msumari

Nakivale, tarehe 2 Juni 2024

Modeste, mtoto wa kaka yangu,

Naandika nikiwa nimeshiba viazi, nimeoga, na kati ya magoti yangu mawili ni moja tu linalonisumbua. Nikikuuliza habari zako usinijibu "nzuri" kama mtu anayepita njiani. Niambie unakula nini na nani anakufulia.

Huku jua limeanza kukausha kila kitu. Mahindi nimevuna, si haba. Mbuzi wa jirani yangu Venuste waliingia bustanini wakala majani ya viazi. Nikawashika wawili, nikawafunga mpaka mwenyewe akaja kuomba radhi huku anacheka. Nyirabizimana, mwenyekiti wa kikundi chetu cha wanawake, amepata mjukuu wa kike, wamemwita Teta. Analia kwa sauti inayofika mpaka kwangu.

Sasa jambo lenyewe. Ni kile kibanda ambacho marehemu baba yako alikijenga nyuma ya nyumba, kwenye bustani. Unajua kwamba tangu afariki sisi wanawake kumi na mmoja tunahifadhi humo mbegu zetu za maharage. Mvua iliyopita maji yaliingia kupitia ukuta wa upande wa ziwa. Magunia mawili ya mbegu yakaota mizizi humo humo ndani, nikalia mbele ya watu. Wiki jana tukafanya mkutano. Nyirabizimana akasimama akasema: "Mama Annonciata, hii kibanda imeisha kuzeeka. Tuibomoe, mbao tupikie, mbegu tupeleke kwa Venuste, ile fasi, pale iko nyumba ya matofali."

Nikasimama na mimi, na goti langu. Nikasema kaka yangu Thaddée hakujenga kuni. Tukazozana mpaka tukakubaliana hivi: nina muda hadi mvua ya kwanza ya Septemba. Mvua hiyo ikilowesha hata punje moja, mimi mwenyewe nitashika shoka.

Fundi wa familia ni wewe. Njoo. Pasaka hukuja, na hukusema kwa nini. Asiyekuwapo na lake halipo, lakini wewe lako lipo, linavuja.

Utaniuliza kwa nini sipigi simu. Simu ni ya kuulizana "umefika?" na "nimefika". Jambo hili lina vipimo, linataka karatasi. Barua hii anakuletea Isma, yule dereva wa pikapu ya matoke anayepita Kaberebere. Unijibu kwa mkono wake.

Shangazi yako,
Annonciata


Biharwe, tarehe 23 Juni 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Nakusalimia kwa heshima zote, wewe na goti lako. Nakula vizuri. Chakula cha mchana tunakula hapa hapa kwenye karakana, mke wa bosi wetu Hajji Abubaker anatuletea matoke na mchuzi wa karanga, na nguo nafua mwenyewe. Umpongeze Mama Nyirabizimana kwa mjukuu. Siku hizi karakana yetu iko kimya kidogo, mashine kubwa imezimwa.

Kuhusu kibanda, nimesoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza nilikasirika na watu wa kuni. Sijui kama wanaelewa wanachotaka kuchoma. Hajji aliwahi kukiona alipokuja mazishini. Alikizunguka mara mbili, akapapasa kona, akaniambia: "Huyu mzee hapana tumia msumari hata moja? Mimi iko na miaka thelathini kwa mbao, hii sijaona." Na ni kweli. Baba alitoboa kila ubao kwa keekee ya mkono, akachonga vigingi vya mbao, akavishindilia kwenye nguzo. Alikuwa na mbao za sipresi alizopewa baada ya kutengeneza madawati ya kanisa, na hakupoteza hata kipande cha urefu wa kidole.

Kuja siwezi kwa sasa, kazi ni nyingi mno. Lakini nitakuelekeza, na mikono yako naijua.

Acha kuta tatu nyingine, hizo ni nzima. Ufungue ule wa upande wa ziwa peke yake. Mbao ni kumi na mbili, zimelaliana. Vigingi vigonge kutoka ndani kwa kipande cha mti, usitumie chuma, utapasua. Kila ubao uusugue kwa brashi kavu, uuanike kivulini. Ukianika juani utapinda. Halafu tazama miguu ya nguzo. Nadhani imeoza pale inapogusa udongo. Kata sehemu iliyooza, uinue nguzo juu ya jiwe bapa, ili mbao zisilale tena kwenye maji wala mchwa wasipate njia. Nimechora nyuma ya karatasi hii.

Oili chafu ya gari nampa Isma jerikani moja. Upake nje tu, shangazi, nje tu! Ukipaka ndani, mbegu zitanuka gereji na hazitaota. Kwenye mabati, kila palipo na tundu la kutu weka kipande cha mpira wa baiskeli na lami kidogo.

Samahani kwa mwandiko, nimeandika haraka.

Mtoto wako,
Modeste


Nakivale, tarehe 11 Julai 2024

Modeste,

Barua yako ilikaa wiki mbili chini ya kiti cha Isma, pikapu ilikuwa imelala Kaberebere ikingoja gia. Imenifikia inanuka matoke na oili. Nashukuru kwa vyote viwili.

Sisi ni wazima. Teta amepunguza kulia. Venuste amenipa mawe manne bapa kutoka kwake, akasema ni fidia ya viazi.

Na mimi nimefanya kazi, mwanangu! Mwanamke wa miaka hamsini na tisa, mwalimu mstaafu wa Mboko, nimepanda juu ya bati nikiwa nimejifunga kitenge katikati ya miguu. Watu waliokuwa wakienda kuchota maji walisimama kutazama. Mmoja akaniuliza: "Mama, unatafuta nini kule juu?" Nikamjibu natafuta mtoto wa kaka yangu, nimeambiwa ana kazi nyingi.

Mabati nimeziba matundu kumi na tisa. Nguzo zilikuwa zimeoza kiganja kizima, kama ulivyosema bila kuziona. Hapo nilikuvulia kitambaa cha kichwani. Tumezikata, mimi na Venuste, tukaziweka juu ya mawe yake.

Lakini sikia hili. Nilipofungua mbao za ukuta wa ziwa, nilikuta maandishi. Kila ubao, kwenye ukingo wake wa juu, pale ulipokuwa umefunikwa na ubao mwingine, kaka yangu aliandika jina kwa ncha ya patasi. Huwezi kuyaona mpaka ufungue. Mboko. Makobola. Uvira. Kamanyola. Bukavu. Goma. Rutshuru. Bunagana. Kisoro. Kabale. Mbarara. Na ubao wa juu kabisa, Nakivale. Ni njia yetu ya ukimbizi, Modeste, kutoka Kongo mpaka kambi hii. Aliiandika yote na hakumwambia mtu. Niliketi chini kwenye majani makavu nikazisoma mbao moja moja kwa sauti, kama nilivyokuwa nikisoma majina ya wanafunzi asubuhi.

Miaka kumi na tatu tumeingia na kutoka humo kuchukua jembe. Mtu yule alikuwa na kichwa! Herufi zake zimesimama wima zote, wala hajakosea hata nukta. Na mimi niliyekuwa nikimwambia kila siku "kaka, piga misumari, maliza haraka, mvua inakuja", naye akinijibu: "Siku ya kurudi nitakifungua kama kitanda, nitakifunga upya kwetu." Nilidhani ni ukaidi wa fundi. Naona haya.

Ubao wa Nakivale umeliwa na maji ya kutu kutoka kwenye bati, unamegeka kama mkate wa juzi. Nyingine zote ni nzima. Nizirudishe vipi?

Na jambo jingine. Umeandika karakana iko kimya, halafu mistari michache chini yake ukaandika kazi ni nyingi. Chagua moja. Halafu mwandiko wako. Mimi ndiye niliyekufundisha kuandika, darasa la kwanza, ukiwa na pengo la meno mawili. Haraka ya mtu naijua, herufi hukimbia. Zako hazikimbii, zinaanguka. Kuna nini?

Shangazi yako,
Annonciata


Biharwe, tarehe 31 Julai 2024

Shangazi yangu,

Naomba radhi kwa kuchelewa. Huku tunaamka na ukungu mweupe hivi sasa. Asubuhi malori yanapita kwenda Masaka yamewasha taa, na saa nne jua linachoma. Hajji anakusalimia, amefurahi uliposema umepanda bati, amecheka mpaka akakohoa.

Majina hayo sikuyajua. Nilikuwepo siku zote alipokuwa akijenga, nilikuwa namshikia upande mmoja wa ubao, na sikuyajua. Sasa nakumbuka kwamba kila alipotaka kuweka ubao alikuwa ananituma kuchota maji. Nilikuwa nalalamika moyoni, nikisema mzee huyu ana kiu gani! Kumbe alikuwa anataka kubaki peke yake na jina.

Nakumbuka pia kwamba kwenye njia hiyo yote hakubeba godoro wala sufuria. Alibeba randa yake, ameifunga kwenye kitenge cha mama. Bunagana kuna mtu alimwambia akiuze kile chuma anunue chakula. Baba akamjibu: "Hii si chuma, ni mkono wangu." Nilikuwa na miaka kumi na mitano na nilikuwa na njaa. Nilimkasirikia. Sasa nampenda kwa jibu lile kuliko kwa mengine yote aliyowahi kunifanyia.

Nimezungumza juu yake na wenzangu hapa. Tunaotumia mashine siku hizi tunatengeneza kitanda kwa siku moja, na baada ya mwaka kinalia kila ukigeuka. Yeye aliunda ukuta wa mbao laini, akauacha kwenye upepo wa ziwa, ukasimama miaka kumi na mitatu bila msumari. Ulichokosa ni miguu mikavu tu.

Kurudisha ni rahisi. Ukitaka, safari hii tumia misumari, usihangaike na vigingi. Mbao panga kwa kufuata majina ya baba, hayatakudanganya. Ubao wa Nakivale upake lami usaidie kwa muda.

Nitajitahidi nije siku moja.

Modeste


Nakivale, tarehe 20 Agosti 2024

Modeste,

Sina salamu ndefu leo. Tu wazima, mbuzi wazima, goti linaendelea kuwepo.

Misumari nimeikataa. Kama kaka yangu aliweza kuchonga vigingi arobaini na vinane akiwa na njaa, nami nitaweza kuchonga nikiwa nimeshiba. Nimechonga vipya ishirini na saba, vya zamani ishirini na kimoja vilikuwa vizima bado, unaweza kuamini? Nimekata kidole gumba, kimepona.

Nimefuata majina kama ulivyosema. Nilianzia juu, Nakivale, kwa sababu safari ya kurudi inaanzia hapa tulipo, na yeye alisema kibanda ni cha siku ya kurudi. Kisha Mbarara, kisha Kabale, nikishuka hivyo hivyo mpaka nikafika Mboko chini karibu na jiwe. Nilipogonga kigingi cha Mboko niliimba, Venuste ni shahidi. Nje nikapaka oili, nje tu.

Jana nikaita wanawake wote waje kuona. Kwa kuwa ni kiangazi, kila mmoja alitoa nusu jerikani ya maji, na unajua maji ya mwezi wa nane hapa yanavyotafutwa. Tukamwaga ukutani kutoka juu, kama mvua. Modeste, maji yakaingia ndani kama wageni walioalikwa! Kila kiungo kilikunywa. Mbegu hazikuwemo, Mungu ni mwema, lakini sakafu ilikuwa matope.

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniuma. Nyirabizimana akanishika bega akasema: "Mama, umetumika mingi. Sasa acha, mbao nazo zinachokaka." Wanangojea mvua kwa ajili ya maneno tuliyokubaliana, lakini shoka limeshaletwa, limeegemezwa kwa Venuste. Naliona nikifagia.

Sielewi nilichokosea. Kila ubao uko mahali pake, kila kigingi kimekaza. Zimebaki siku kumi au kumi na tano, mawingu yameanza kukaa upande wa Tanzania.

Hukunijibu kuhusu mwandiko. Barua mbili nimekuuliza, mara moja kwa maneno na hii mara ya pili kwa kukukumbusha. Randa ya baba yako iko kwangu, ndani ya kitenge kile kile, imetundikwa kibandani kwenye msumari wa pekee uliomo, ambao niliupiga mimi na akanigombeza. Fundi mmoja wa hapa ameniomba mara tatu. Nimemwambia ina mwenyewe.

Je, ina mwenyewe?

Annonciata


Biharwe, tarehe 24 Agosti 2024

Shangazi,

Isma amenikuta leo asubuhi na nimemwomba asiondoke mpaka nimalize kuandika. Amekaa hapa nje anakunywa chai, ananuna.

Kwanza kibanda. Nilipofika pale uliposema umeanzia Nakivale nilicheka, nisamehe, halafu nikajipiga kichwa, kwa sababu kosa ni langu. Fundi hamwambii fundi mwenzake pa kuanzia, nami nikasahau kwamba wewe ni mwalimu. Ukianzia juu, kila ubao wa chini unapanda juu ya ule wa juu yake, na kila kiungo kinakuwa mdomo ulio wazi unaongoja maji. Baba hakuandika njia ya kurudi. Aliandika njia tuliyojia. Ukuta unaanzia chini, unaanzia Mboko. Ubao wa Makobola unalalia wa Mboko, wa Uvira unalalia wa Makobola, na hivyo hivyo mpaka juu. Kila jina linafunikwa na linalofuata, na maji yanateremka nje mpaka chini. Fungua zote uanze tena, vigingi vyako ni vile vile. Ni kazi ya siku mbili. Hujaharibu chochote.

Vigingi ishirini na saba, shangazi. Wanafunzi wa ufundi hapa hawajui kuchonga hata kimoja. Nimewasomea wenzangu mstari huo na Hajji akasema: "Huyu mama akuje hapa, mimi nampa kazi kesho."

Sasa lile jingine. Tarehe kumi na nne mwezi wa tatu mashine ya kuranda ilinichukua vidole viwili vya mkono wa kulia, cha shahada na cha kati. Nilikuwa naangalia pembeni, hakuna wa kulaumiwa. Kidonda kimepona. Pasaka nilikuwa nimelala na bandeji, ndiyo maana. Mwandiko huu ni wa mkono wa kushoto. Mwanzoni niliandika ukurasa mmoja kwa siku mbili.

Sikusema kwa sababu sikujua niseme mimi ni nani. Kidole kimoja hakivunji chawa, na fundi asiye na vidole vya kushikia patasi ni mtu anayefagia maranda. Ndiyo kazi niliyokuwa nafanya hapa tangu mwezi wa nne, nafagia na kupaka vanishi. Hajji hakunifukuza. Kila asubuhi ananiambia: "Modesti, mkono bado iko. Wacha kulala." Mimi nilikuwa namwona anasema tu ili kunifariji.

Halafu ukaandika ubao wa Nakivale unamegeka kama mkate. Nililala na neno hilo. Nikatafuta ubao wa sipresi kwenye mabaki, nikaomba randa ya mkono, nikaikamata kwa kushoto na kuisukuma kwa kiganja cha kulia. Ubao ambao zamani ningeumaliza nikisubiri chai umenichukua siku nne. Siku ya kwanza niliuharibu. Wa pili huu hapa, Isma anao nyuma ya pikapu. Upime, una urefu ule ule. Upande wa kushoto kuna mahali pamebaki na wimbi dogo, utaliona ukipitisha mkono. Jina sijaandika.

Kuja sina uso, kwa watu waliomjua baba. Lakini ubao umekuja.

Modeste


Nakivale, tarehe 9 Septemba 2024

Modeste, mwanangu,

Imenyesha.

Ilianza Ijumaa saa tisa mchana, ikitokea ziwani, na upepo ulioangua ndizi za Venuste. Ukuta nilikuwa nimeujenga upya kuanzia Mboko, ubao wako juu, na magunia yote kumi na manne yalikuwa ndani tangu Jumatano. Wanawake wote walikuja kukaa humo kibandani tukabanana na mbegu, Nyirabizimana na mjukuu mgongoni, tukitazama ule ukuta kana kwamba utasema. Mvua ikaupiga saa nzima. Nilikuwa nikipitisha kiganja kwenye kila kiungo, kuanzia Mboko kwenda juu. Makobola, kavu. Uvira, kavu. Bukavu, kavu. Nilipofika kwenye ubao wako sikuufikia, ilibidi Nyirabizimana anyooshe mkono, yeye ni mrefu. Akaupapasa huku na huku, akasema: "Iko kavu, Mama. Na iko laini! Nani alirandaka hii?"

Nikamwambia ni mtoto wa Thaddée.

Basi wakapiga vigelegele humo humo ndani, Teta akaamka akatushinda wote kwa sauti. Shoka Venuste amelirudisha jikoni. Wameamua mbegu zibaki, na kikundi cha upande wa pili wa barabara wameomba tuwatunzie na zao.

Sasa nami nina la kukiri. Habari ya mkono wako niliijua tangu mwezi wa nne. Isma ana mdomo, aliniambia siku aliyokuona na bandeji. Nilitaka kupanda pikapu siku ile ile. Halafu nikafikiri: nikienda nitamkuta mgonjwa, nitamlisha uji, atabaki mgonjwa. Nikangoja useme mwenyewe. Hukusema. Ndipo Mungu akaniletea kibanda kinachovuja. Usidhani nilikitoboa mimi! Kilivuja kweli, na kuni zilitajwa kweli, na nililia kweli. Lakini nilipokaa kuandika ile barua ya kwanza niliona kamba moja inaweza kuvuta ndoo mbili.

Kukasirika una haki. Kasirika, halafu uje.

Unasema kidole kimoja hakivunji chawa. Wewe unavyo vinane, vinatosha kuvunja chawa wa kambi nzima. Na unasema huna uso. Lile wimbi dogo upande wa kushoto nimeliona, nimelipapasa mara nyingi kuliko inavyofaa kwa mtu mwenye akili. Baba yako alikuwa na mikono miwili mizima, na mwalimu mzuri, baba yetu mwenyewe. Wewe umefanya kwa mkono ambao ulikuwa haujui kazi mpaka mwaka huu. Nasema hivi nikiwa mwalimu niliyefundisha miaka ishirini na sita, sijawahi kuona mwanafunzi kama huo mkono wako wa kushoto.

Ubao wako uko juu kabisa chini ya bati, na ukingo wake hauna jina. Patasi nimeinoa. Mimi sitaandika, mwandiko wangu ni wa ubaoni, wa chaki.

Annonciata


Nakivale, tarehe 7 Oktoba 2024

Modeste,

Umeondoka jana tu na tayari nimeshika kalamu. Tabia ni ngumu kuacha. Umefika? Hilo ungeweza kunijibu kwa simu.

Maharage yameota, mistari yote, hakuna pengo. Venuste anasema umekonda, mimi nasema umerefuka. Nyirabizimana ameniuliza kama ungeweza kuja Desemba kutazama mlango wake unaokwama. Nikasema nitakuandikia.

Nimefurahi mpaka najiona mjinga. Nilipokuona umesimama kwenye ngazi, bati limeinuliwa, patasi mkono wa kushoto, kipande cha mti kimebanwa kwa kiganja cha kulia, ukigonga herufi moja moja, nilimwona baba yako, halafu sikumwona, nilikuona wewe. Nikaona hiyo ni bora. Na ulipomaliza neno Nakivale ukataka kulifuta kwa randa uanze upya, kwa sababu herufi zimeanguka, hukuelewa kwa nini nilikupigia kelele mbele za watu. Sasa naweza kueleza. Jina lile limefunikwa na bati, hakuna atakayeliona. Atakayeliona ni yule atakayekifungua siku ya kurudi, awe wewe, awe mtoto wako, awe mtu tusiyemjua. Ataanzia juu, safari hiyo ndiyo itaanzia juu, na neno la kwanza kukutana nalo litakuwa lako, limelala upande. Ndipo atashuka, azikute za baba yako zimesimama. Nataka ajue kwamba tulipita hivyo.

Leo asubuhi nimeingia kibandani kupanga magunia. Kule ndani kukavu, kunanuka sipresi. Kitenge cha mama yako kiko kwenye msumari wangu, kimekunjwa vizuri, mara nne, kama anavyokunja mtu mwenye adabu. Randa haimo.

Wala sitauliza.

Shangazi yako,
Annonciata